Dumu la Mabibo Nyumbani kwa Mwanaima

Kila Jumamosi saa kumi za jioni Kaindi alijitanda leso, akachukua chupa tupu ya sharubati, akavuka shamba la mihogo kwenda kwa jirani yake Mwanaima kuteka kile alichokiita siki. Njiani alijiambia maneno yale yale ya kila wiki: kwamba hajamwibia mtu, hajamdhuru mtu, na chupa moja kwa siku saba si ulevi. Lakini akifika uani kwa Mwanaima, pale ambapo birika la kutawadhia huegemezwa ukutani, macho yake hayakuweza kulitazama birika lile. Aliyapeleka kwa kuku.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Dianah! Mwenye siki yake kaja," Mwanaima aliitikia kutoka jikoni. "Pita, shoga yangu. Hodi ya nini, na ndani ni kwako?"

Na kweli alipita kama kwake. Chumba kilikuwa kile cha nyuma, chenye giza na ubaridi. Dumu lake la lita ishirini lilikaa nyuma ya mtungi wa maji, limezungushiwa gunia lililoloweshwa ili joto lisilifikie. Gunia lile Kaindi hakuliomba. Mwanaima alilifunga kwa hiari yake, na kila asubuhi alilinyunyizia maji.

Ndani ya dumu hamkuwa na siki. Mlikuwa na divai ya mabibo.

Aliyewahi kukaa Msambweni anajua mabibo. Korosho ina wenyewe: huokotwa, huanikwa, huuzwa. Lakini bibo, lile tunda lenyewe, jekundu au la manjano, lililoning'iniza korosho yake kama kipuli, hutupwa. Watoto hula mawili matatu, mbuzi hula mpaka wakapepesuka, na yaliyobaki huoza chini ya mikorosho na kuujaza mtaa harufu ya utamu. Marehemu Mbuvi, mumewe Kaindi, alikuwa mtu wa Ukambani aliyekuja pwani miaka ya sabini kupewa shamba katika skimu ya makazi ya serikali, na hakuweza kuona kitu kinaoza akanyamaza. Alijifunza kuyakamua. Akamfundisha na mkewe.

Huchaguliwa mabibo yaliyoanguka usiku huo, si ya jana. Hunyofolewa korosho, huoshwa, hukamuliwa kwa kifumbu kama mtu anayekamua tui. Maji yake ni makali, hukaba koo. Basi hapo ndipo penye siri. Hutiwa uji mwepesi wa mchele uliopoa, na ule ukali huganda vipande vipande ukazama, yakabaki maji safi. Hutiwa sukari, hufunikwa kitambaa siku tatu, huchujwa, hutiwa dumuni. Dumu hufungwa barabara, kwani likiingiwa na hewa litageuka siki kweli; ila kila asubuhi kifuniko hulegezwa kidogo lipumue, lisije likapasuka. Baada ya mwezi huwa ina rangi ya chai ya rangi isiyokolea, na ladha yake, Mbuvi alikuwa akisema, ni ya Jumamosi.

Siku za Mbuvi kiasi kilikuwa kazi nyepesi. Walikuwa na kikombe kimoja cha bati chenye ukingo wa buluu. Kimoja kwake, nusu kwa Kaindi, Jumamosi jioni. Kisha mzee hufunga kifuniko, akalikalia dumu kama kigoda na kuanza hadithi.

"Ongeza kidogo tu, baba Dianah."

"Ukitaka zaidi, ninyanyue," naye alikuwa mtu wa kilo tisini.

Wakacheka. Miaka ishirini wakacheka hivyo hivyo. Kaindi akajidhania kuwa yeye ni mtu wa kiasi.

Mbuvi alipofariki, hakukuwa tena na wa kulikalia dumu.

Kaindi alijiwekea sheria. Kikombe kimoja, saa kumi na moja za jioni, kwa ajili ya magoti. Jumapili asiguse, kwa sababu ya kanisa. Jumatano asiguse, kwa sababu ya maombi ya akina mama. Binti yake Dianah alikuwa akifua nguo katika hoteli ya kisiwani Chale, akija nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo hapakuwa na wa kuona sheria ikilegea. Magoti yalianza kuuma saa kumi. Halafu saa tisa. Kikombe kilibaki kimoja, hilo hakulivunja. Hakuchukua kikombe cha pili katu. Ila kile kimoja kilijazwa mara tatu, mara nne. Jioni nyingine alisahau moto, ugali ukaungua mpaka sufuria ikatoboka, naye ameketi hatua tano kutoka jikoni akitabasamu.

Kisha ikaja ile Jumatano. Ilikuwa zamu yake kuongoza sala ya kufungia. Alisimama mbele ya akina mama ishirini na wawili, akaanza Baba Yetu, sala aliyoijua kabla hajajua kufunga kiatu. Akafika kwenye mkate wa kila siku. Akakwama. Maneno yaliyofuata hayakuja. Alifumbua macho akaona nyuso zote zimeinama zikingoja, na mbu mmoja akizunguka. Harufu ya pumzi yake mwenyewe ikamrudia puani.

Munee, mke wa mzee wa kanisa, aliyekuwa amesimama karibu naye, alimshika kiwiko akaimalizia sala kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba walipanga kugawana. Walipotoka nje Munee alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Jua la leo ni kali. Hata mimi kichwa kinanizunguka." Kisha akatembea na Kaindi mpaka njia panda, wakizungumza habari za kunguru wanaokula vifaranga, wala hakutaja neno.

Kaindi alilia njia nzima iliyobaki. Angetukanwa, angejua la kujibu.

Hapo ndipo alipopata lile wazo, na siku ile lilionekana wazo jema. Asiimwage, maana kumwaga ilikuwa kama kummwaga Mbuvi. Aipeleke mbali na mkono wake. Aipeleke mahali ambapo hata akiwa na kiu ya namna gani, ataona haya kunywa. Na katika Msambweni nzima, aliona haya mbele ya mtu mmoja kuliko wote.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, zile vurugu zilipoanzia Likoni zikafika Ukunda na kushuka huku chini, vikaratasi vilitupwa milangoni usiku kuwataka watu wa bara waondoke. Majirani wengine wa skimu walipanda malori na vitanda vyao. Kaindi hakuwa na lori. Alikuwa na kaburi la mume lililokuwa halijamaliza miezi mitatu. Mwanaima ndiye aliyekuja kumchukua, akamvisha buibui lake, akamwingiza katika kile chumba cha nyuma, akamweka humo siku tisa. Alimpelekea chakula kwanza kabla ya mumewe. Walipokuja vijana kuuliza, Mwanaima alisimama mlangoni akawauliza kama mama zao wanajua walipo. Wakaondoka.

Chumba ni kile kile. Na humo ndimo Kaindi alimoliingiza dumu.

"Ni siki ya mabibo," alimwambia Mwanaima. "Changa bado. Kwangu bati linachoma mno, itaharibika. Niwekee. Nitakuwa nakuja Jumamosi kuteka chupa moja. Ila tafadhali, kila asubuhi ilegeze kifuniko kidogo ipumue, kisha uifunge sana."

"Hilo tu? Nikishaswali alfajiri nitalegeza, iwe ndiyo kazi yangu ya kwanza. Amana ni amana, Mama Dianah."

Hakuuliza zaidi. Husna, mke wa mwanawe Swabir, ndiye aliyenusa akasema, "Mbona inanuka kama ile ya wagema?" Mwanaima akamjibu kwamba siki yoyote changa hunuka hivyo, hata ya nazi, na kwamba wasichana wa siku hizi wanajua siki ya dukani tu.

Wazo likafanya kazi. Wiki sita Kaindi alikunywa chupa moja kwa wiki, wala si zaidi. Siku akili ilipomwambia aende katikati ya juma, aliliona lile birika la kutawadhia kichwani mwake, akarudi kuketi. Usingizi ukamrudia vizuri. Ugali haukuungua. Jumatano moja aliongoza sala tena, akaimaliza, Munee akamkonyeza. Akaanza kujisifu moyoni: kumbe inawezekana. Kumbe mtu akiamua huweza.

Hakujiuliza ni nani hasa aliyekuwa ameamua.

Ramadhani iliingia Desemba ile, mabibo yakiwa bado yanaanguka. Jumamosi ya kwanza ya mfungo Kaindi alikwenda na chupa yake kama kawaida, akamkuta Mwanaima uani amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, midomo imekauka kwa saumu, mbele yake karai la embe mbichi zilizokatwakatwa. Juani kulikuwa na mitungi mitatu ya kioo, imejaa embe na pilipili na manjano, imefunikwa kwa vitambaa vyeupe.

"Umekuja wakati mzuri, nikuungamie dhambi yangu," Mwanaima alisema akicheka. "Nimekuibia."

"Umeniibia nini?"

"Siki. Vikombe vinne. Jumatatu ni zamu yangu kupeleka futari msikitini: wali, samaki, na achari. Dukani kwa Chirau siki imekwisha, nikasema Mama Dianah hawezi kuninyima. Nitakupa mtungi mmoja wa achari. Hunidai?"

Kaindi alifungua mdomo. Neno lilikuwepo. Lilikuwa fupi, na mwenyewe alilihisi ulimini kama punje ya mchanga. Aliitazama ile mitungi mitatu, akaitazama midomo ile iliyokauka.

"Chukua tu," alisema. "Chukua utakacho. Ni yako."

"Allah akuzidishie," Mwanaima akasema.

Kaindi aliingia chumba cha nyuma, akateka chupa yake kwa pupa hata nyingine ikamwagika sakafuni. Akaipangusa kwa pindo la leso. Akaaga akiwa amegeuzia uso upande wa mihogo. Kabla jua halijatua ile chupa ya wiki nzima ilikuwa tupu, naye ameketi mlangoni kwake akisikiliza adhana ya magharibi ikitoka mbali, akijua kwamba kwa Mwanaima sasa wanakula tende.

Jumapili hakwenda kanisani. Munee alipita baada ya ibada na mkungu mdogo wa ndizi, akauacha kizingitini alipoona mlango umefungwa. Kaindi alimwona kupitia upenyo wa dirisha. Hakumfungulia. Siku nzima alihesabu njia za kutoka. Asingizie panya ameingia mtungini. Asubiri, wale, waisahau. Waliokula bila kujua, nani atawashitaki? Asafiri kwenda kwa Dianah. Kila njia ilikuwa na mlango, na nyuma ya kila mlango aliona wazee wa msikiti waliokaa saumu kutwa wakinyoosha mikono kwenye sahani, na Mwanaima amesimama kando akifurahi kuwa chakula chake kinapendwa.

Jumatatu saa sita mchana alivuka shamba la mihogo. Hakubeba chupa.

Mwanaima alikuwa juu ya mkeka akichambua mchele. Husna, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa akiparua samaki karibu na mlango wa jiko.

"Leo si siku yako," Mwanaima alisema. "Kuna heri?"

"Mama Swabir, ile si siki."

Mwanaima aliendelea kuchambua. "Si siki ni nini?"

"Ni divai. Ya mabibo. Inalewesha."

Mkono ukasimama juu ya ungo. Husna aliacha kuparua.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Lile dumu ninalolifungua kila alfajiri." Mwanaima alisema taratibu, kama mtu anayesoma barua kwa macho mabovu. "Nikitoka kwenye mswala. Ili ipumue. Ulinionyesha mwenyewe kwa mkono wako, nilegeze hivi, nifunge hivi."

"Ndiyo."

"Nikisema Bismillahi, Kaindi."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Miaka ishirini na tatu alikuwa Mama Dianah.

"Juma lililopita, kabla ya mfungo, niliitia kwenye samaki," Mwanaima aliendelea. "Baba Swabir akala. Swabir akala. Husna huyu, na tumbo hili, akala na kulamba vidole. Tukasema siki ya Mama Dianah ina utamu wake, haijakomaa tu. Tukakusifu."

Hilo Kaindi alikuwa halijui. Alikuwa amesimama, akajikuta ameketi chini, nje ya mkeka, kwenye mchanga.

Husna aliinuka na kisu mkononi, magamba ya samaki yakimetameta mikononi mwake. "Na ni wewe, bibi! Wewe uliyelala humo humo siku tisa, tukikuletea uji kwa zamu! Ndiyo malipo yako..."

"Husna, nyamaza."

"Lakini mama..."

"Nimesema nyamaza. Siku tisa hazitajwi. Mtu hasimangwi kwa hifadhi, hata akikosa namna gani." Mwanaima alimgeukia tena Kaindi, na macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini hasira ninayo, na nitakuwa nayo. Kwa nini kwangu? Nyumba zote hizi za wenzako wa kanisani. Kwa nini kwangu?"

Kaindi alichora mchanga kwa kidole. Alikuwa amejiandalia maneno marefu; yote yalikimbia.

"Kwa sababu hapa nisingethubutu kuinywa," alisema. "Nikiwa nayo kwangu siwezi kuacha. Nilikuwa namwambia kila mtu ni magoti. Siku za Mbuvi, yeye alikuwa akilikalia dumu, hivi, mpaka jua litue. Alipokufa..." Hakumaliza. "Nilitafuta mtu wa kulikalia."

"Ukamtafuta bila ya kumwambia."

"Niliona haya."

"Ungeniambia, ningekuja kukaa."

"Wewe? Kwenye pombe?"

"Si kwenye pombe," Mwanaima alisema. "Kwako."

Kisha akasimama, akafunga leso kiunoni, akaonyesha mlango wa chumba cha nyuma. "Toa."

Kaindi alilitoa dumu peke yake. Lilikuwa bado na zaidi ya nusu, na ilimbidi apumzike mara mbili kabla hajafika mpakani mwa shamba, mchana kweupe, watu wakipita njiani na kumwuliza kama anahitaji msaada. Kijana mmoja mwenye mkokoteni, Mangi, alisimama kabisa ampokee. "Hapana, mwanangu," Kaindi alimwambia, "mzigo huu ni wangu." Akaimwaga yote chini ya mchongoma. Ikatoa povu, ikanyonywa na mchanga. Akarudi akaibeba ile mitungi mitatu ya achari mmoja mmoja, akaizika shimoni, embe na manjano na pilipili, na kazi ya mikono ya siku mbili. Kisha akaomba maji na dekio, akapiga magoti yale yale, akaisugua sakafu ya chumba cha nyuma mara tatu. Mwanaima alimwachia kazi yote. Ila maji ya mara ya tatu aliyaleta yeye, akayaweka kizingitini.

"Nitapeleka wali na samaki," Mwanaima alisema, Kaindi alipomaliza kazi. "Wakiniuliza achari nitasema imeharibika. Sitasema imeharibiwa na nani. Sasa nenda. Wala usije mpaka mimi nije kwako."

Siku tatu zikapita. Kaindi hakutoka nje ya mpaka wake. Chini ya mikorosho mabibo yaliendelea kuanguka, puu, puu, kama watu wanaoketi. Na jikoni kwake, pembeni ya kuni, lilikuwako dumu dogo la lita tano alilokwisha kulijaza kabla ya haya yote, linalokaribia kuiva. Alikuwa hakulitaja. Siku ya kwanza alikunywa kikombe. Siku ya pili vikombe vitatu. Siku ya tatu hakuhesabu.

Siku ya nne, saa kumi na nusu, alisikia mtu akikohoa uani. Mwanaima alikuwa amesimama na mkeka kwapani na ukili ambao hajamaliza kuusuka. Hakubisha hodi. Alitandika mkeka mbele ya jiko, akaketi, akaanza kusuka.

"Nimemwuliza maalimu," alisema bila ya kuinua macho. "Tulichokula bila ya kujua hakituandikii dhambi. Vyombo tuvioshe, tumeviosha. Wewe, amesema nikuombee dua." Akauvuta ukili. "Sijakuombea bado. Nina hasira."

"Haya," Kaindi alisema.

"Kaa basi. Au unaketi kwako mpaka ukaribishwe?"

Kaindi akakaa. Mwanaima alisuka, Kaindi alipasua korosho, na saa ile ya kikombe ikapita polepole mbele yao kama ng'ombe mzee anayevuka njia. Karibu na magharibi Mwanaima alikunja mkeka, akaenda kwake kufuturu. Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Mwanamke aliyefunga tangu alfajiri, wakati ambao wenzake wote wako jikoni, aliacha sufuria zake kwa Husna akavuka mihogo kuja kukaa. Kaindi aliwahi kumwambia asijichoshe. "Nimechoka wapi?" alijibiwa. "Njaa ni njaa, nikae kwangu nikae kwako."

Saa ile alikuwa hanywi. Baada ya Mwanaima kuondoka, jioni nyingine alishinda, jioni nyingine alishindwa, lakini kikombe kilikuwa kikipungua. Lililomwumiza zaidi ni kwamba kila jioni alimuaga mgeni wake bila ya kumwambia kwamba, hatua tatu nyuma ya mgongo wake, dumu jingine limekaa. Hili lilikuwa kosa lile lile, limepungua lita tu.

Ilikuwa siku ya kumi na mbili. Kutwa korosho zilikuwa zikimponyoka Kaindi. Jua lilipokuwa limebakisha mkono mmoja kutua, Mwanaima alianza kukusanya ukili wake.

"Usiende bado," Kaindi alisema.

Mwanaima alimtazama.

"Jikoni mna dumu jingine. Dogo. Lilikuwamo tangu siku ile. Sikukwambia."

Alingoja. Alingoja aitwe tena Kaindi, au aachwe. Alijua hana la kulalamika akiachwa. Uso wa Mwanaima ulikuwa umechoka, na ilionekana kwamba neno kali limefika na kusimama karibu kabisa na meno. Kisha aliinuka. Aliushika mkeka kwa ncha, akauburura mpaka kwenye kizingiti cha jiko, akautandika katikati ya mlango, akaketi hapo, mgongo umeelekea ndani.

"Haya," alisema. "Ukitaka, ninyanyue."

Mbuvi hakuwahi kuzungumza na Mwanaima mambo ya namna hiyo. Hakuna aliyemfundisha maneno yale ya mzee. Kaindi alifunika uso kwa leso, ile yenye madoa ya mabibo ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote, akalia kwa sauti, kama mtoto, mbele ya mtu. Mwanaima alimwacha alie. Alisuka.

Adhana ikawakuta hapo hapo.

Mwanaima alisimamisha mkono. Tende zake na maji yake vilikuwa kwake, ng'ambo ya mihogo. Kaindi aliinuka haraka kutafuta maji, na jambo la kwanza mkono wake uliloligusa juu ya kichanja lilikuwa kile kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu. Aliufanya mkono uachie. Akaitazama sufuria aliyopikia uji wa mchele. Akaitazama bakuli aliyochujia. Hapakuwa na chombo katika nyumba yake ambacho angeweza kumpa mwanamke huyu bila ya kumdanganya mara nyingine. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Kisha akakumbuka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na madafu manne, aliyoyaangusha Chome mkwezi asubuhi ile. Akachukua panga, akaliosha kwa maji na majivu, akalikata dafu kichwani kwa mapigo matatu, akalileta kwa mikono miwili.

"Hili halijaguswa na kitu changu," alisema. "Panga nimeliosha."

Mwanaima alilitazama dafu, akamtazama na yeye, kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye kiu anavyoweza kungoja. Akalipokea. Akasema Bismillahi, akanywa, koo lake likipanda na kushuka, maji mengine yakimtiririka kidevuni. Aliposhusha dafu alivuta pumzi, akajipangusa kwa kiganja, akabaki palepale mlangoni.

"Na wewe kata lako, Mama Dianah," alisema. "Unanitazama nini?"